ABAYUDAYA

Jumuiya ya Mayahudi wa Mbale, Uganda, iliyoasisiwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza. Huyu, akiwa bado katika madhehebu ya Kikristo ya Wamalaki, alisoma katika Mwanzo 17 ya kuwa tohara ni agano la milele. Na wenziwe walipomjibu kwamba sharti hilo ni la Mayahudi wasiomkubali Yesu, aliridhia kuitwa Myahudi kuliko kuitangua aya, akatahiriwa pamoja na wanawe. Ujasiri huo wastahili heshima.

Hata hivyo Agano Jipya halikutoka mara moja katika ibada yao, hata alipokuja, katika miaka ya 1920, Myahudi mgeni ajulikanaye kwa jina la Yosef tu, akawafundisha sikukuu na sheria za chakula. Hapo waliingia katika ikhtilafu kongwe ya Mayahudi na Wakristo juu ya Masihi: mtumishi ateswaye wa Isaya 53, ambaye Wakristo humwona kuwa Yesu, Rashi, mfasiri wa Kiyahudi wa Maandiko, alimfasiri kuwa ni taifa la Israeli, na kwa Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi, Masihi wa hakika hulijenga Hekalu na kuwakusanya waliotawanyika.

Kakungulu alifariki mwaka 1928.