Pomboo wa Unguja: Kutoka chambo cha papa hadi riziki ya kijiji

Ijumaa ya Aprili 28, 2006, watu wa Nungwi waliamkia mizoga. Pomboo wapatao 400 walikuwa wamekufa katika ufuo wa kaskazini mwa Unguja, wengine wamelala mchangani, wengine wakipigwapigwa na mawimbi kwenye maji mafupi. Zilikuwa siku za mwezi mwandamo na bahari ilikuwa katika bamvua, maji yanapojaa hadi juu kabisa kisha yakapwa mbali. Mwaka 2026 tukio hilo limetimiza miaka 20, na mpaka leo kwa watu wengi historia ya pomboo wa Zanzibar huanzia na kuishia hapo.

Waliofika na visu walifuata maini. Nyama ya pomboo Wazanzibari wanaoila ni wachache, lakini maini yake hutoa mafuta ya kupaka vyombo yasipenye maji, kama ile sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo fundi wa madau huitambua kwa harufu kabla hajaiona. Mizoga iliyobaki ikafukiwa.

Kisha yakaanza maneno. Wapo waliosema ni sumu. Wapo walioelekeza kidole kwa manowari za Marekani, ambazo wakati huo zilikuwa zikifanya doria katika pwani ya Afrika Mashariki kwa jina la vita dhidi ya ugaidi. Hoja yao ilikuwa sona, chombo cha kupeleka sauti majini ili kutafuta nyambizi. Pomboo anategemea sauti kujua njia, kutafuta chakula na kuitana na wenzake, kwa hiyo kelele kubwa kwake ni kama moshi machoni mwa dereva. Shaka hiyo haikutoka hewani. Machi 2000, nyangumi na jamaa zao 17 walipwelewa huko Bahamas, na jeshi la majini la Marekani lenyewe likakubali baadaye kwamba sona za meli zake ndizo chanzo.

Aliyekabidhiwa fumbo la Nungwi ni Dkt. Narriman Jiddawi, mtaalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo mjini Unguja. Mizoga ilipopasuliwa, dalili ya sumu haikuonekana, na matumbo hayakuwa na chakula. Ushahidi wa kuibana sona nao haukupatikana. Maelezo yaliyobaki ni kwamba kundi, ambalo makazi yake ni maji ya kina kirefu, lilipotea njia, likaingia maji mafupi, na maji yalipokupwa likashindwa kutoka. Miaka miwili baadaye, kaskazini magharibi mwa Madagaska, nyangumi wadogo wapatao 100 waliingia kwenye ghuba ya mikoko, na wengi wao wakafa. Huko jopo huru lilitaja sona ya kupimia sakafu ya bahari, katika utafutaji wa mafuta, kuwa ndiyo sababu inayoelekea zaidi. Habari kama hiyo ingeweza kumpa nguvu yeyote ambaye hakuridhika na jibu la Nungwi.

Mabishano ya manowari yalijaza masikio. Muuaji wa kila siku hakuzungumzwa, na kumjua huyo inabidi kushuka hadi ncha ya kusini ya kisiwa, Kizimkazi.

Kizimkazi ni mji wa kale. Kibla cha msikiti wake kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Siku hizi unajulikana zaidi kama kwao Rais Samia Suluhu Hassan na kwa tamasha lake la kila mwaka. Lakini hadi katikati ya miaka ya 1990, wavuvi wa huku walimwinda pomboo kwa chusa na kwa nyavu. Nyama yake, ngumu na yenye mafuta, ilikatwa vipande na kutiwa kwenye ndoana za mishipi ya papa. Papa ndiye aliyekuwa na bei, kwa mapezi yake na kwa nyama ya kukausha. Pomboo alikuwa gharama ya safari tu.

Kilichomwokoa ni pochi ya mgeni. Watalii waliokuja walikuwa wamemjua pomboo kupitia mabwawa ya maonyesho, tangu Marine Studios ilipofunguliwa Florida mwaka 1938, na kupitia Flipper wa kwenye televisheni. Walitaka kumwona baharini, akiwa huru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 manahodha wa Kizimkazi wakaanza kuwapeleka kwa malipo, na haikuchukua muda kugundua kwamba pomboo yule yule hulipiwa leo, kesho na mtondo. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, inayopakana na Kizimkazi, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Chusa zikatundikwa.

Jarife halikutundikwa. Wavu huo wa matundu makubwa hutegwa usiku kwa ajili ya jodari, papa na nduaro, na pomboo akinasa humo hufa kwa kukosa hewa, maana lazima apande juu kuvuta pumzi kama wewe na mimi. Omar Amir wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, pamoja na Jiddawi na Per Berggren kutoka Sweden, waliwauliza wavuvi wa Unguja na Pemba wenyewe. Kati ya 1995 na 1999 ilitajwa idadi ya pomboo 96 waliokufa nyavuni. Katika eneo lililochunguzwa kusini mwa Unguja waliishi pomboo wa pua ya chupa wapatao 150 tu, na wale wenye nundu wapatao 60. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba nyavu zilikuwa zikiondoa zaidi ya asilimia 9 ya wale wa pua ya chupa kwa mwaka. Jike hubeba mimba miezi 12, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Kundi la namna hiyo haliwezi kulipa deni hilo.

Ving'ora vidogo vya kufungwa kwenye nyavu vilijaribiwa na vikapunguza vifo, ila mvuvi wa jarife hana fedha ya kuvinunua. Upande wa utalii, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti zinapowazunguka, pomboo wa Kizimkazi hupumzika kidogo na kutembea zaidi. Anayekwenda asubuhi atajionea: boti hukimbilia pezi moja kutoka kila upande, na wageni hurukia katikati ya majike wenye watoto.

Ukipanda boti hizo, mwambie nahodha azime mashine mapema, na kama kundi lina watoto baki ndani ya chombo. Wenye mamlaka nao waweke daftari bandarini, kila pomboo anayeletwa na jarife aandikwe. Wale 400 wa Nungwi tuliwahesabu kwa siku moja. Wanaokufa mmoja mmoja nao wahesabiwe.