Bunduki na Haki ya Kulindwa

Sisi watu wa Itigi tunaishi mahali walipopaogopa wasafiri wa zamani. Kabla ya reli ya kati kupita hapa na kufika Tabora mwaka 1912, pori lililotenga Ugogo na Unyanyembe liliitwa Mgunda Mkali. Maji yalikuwa ya shida, vichaka vilikuwa vimeshonana, na msafara uliotoka pwani ulipolikaribia ulihesabu vibuyu vyake vya maji, kisha ukahesabu bunduki zake. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, na Stanley akalipita mwaka 1871. Kwa hiyo swali la nani ashike bunduki na nani asishike ni swali la zamani sana katika nchi hii yetu.

Siku hizi swali hilo linarudi kwa sura nyingine. Vijana wanaofuatilia habari za Marekani huuliza: mbona katiba ya wenzetu inampa raia haki ya kumiliki bunduki, na ya kwetu haimpi? Je, sisi ni watu tusioaminika? Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa pupa. Tuanze kwa wenzetu, kisha turudi nyumbani.

Wamarekani waliandika haki hiyo katika marekebisho ya katiba yao mwaka 1791. Walikuwa wametoka vitani dhidi ya mfalme wa Uingereza, na waliogopa serikali yenye jeshi kubwa inayotawala watu wasio na silaha. Lakini sentensi waliyoiandika inaanza kwa kutaja mgambo uliopangwa vizuri, ndipo inapotaja haki ya watu kushika silaha. Kwa muda mrefu wanasheria wao walibishana: haki hiyo ni ya mgambo, au ni ya mtu mmoja mmoja nyumbani kwake? Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikata shauri mwaka 2008, kwamba ni ya mtu mmoja mmoja. Na majaji waligawanyika, watano kwa wanne. Mwaka 2022 ikaongeza kwamba haki hiyo inatoka nje ya nyumba pia. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba huko jambo hili lilikuwa wazi tangu mwanzo. Ilichukua zaidi ya miaka 200 kupata jibu, na hata jibu lenyewe wengi bado hawaridhiki nalo.

Sasa turudi kwetu. Katika karne ya 19 bunduki ziliingia Afrika Mashariki kwa wingi wa kutisha. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba zilizokuwa zikiingia kila mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Je, bunduki hizo zilimpa mtu wa kawaida uhuru? Tutazame Ukimbu, jirani zetu na ndugu zetu. Katika miaka ya 1870 Nyungu ya Mawe, akiwa na makao yake Kiwele, alikusanya rugaruga, vijana wa vita waliomtii yeye peke yake, akaziweka himaya ndogo ndogo za Wakimbu chini ya mkono wake. Alipofariki mwaka 1884 alirithiwa na mwanamke, Mgalula, na utawala ukaendelea kusimama, jambo linaloonyesha kwamba mzee yule hakuwa mporaji tu bali alikuwa mjenzi wa dola. Hata hivyo, mkulima wa kijijini hakupata haki yoyote kutokana na bunduki zile. Aliyekuwa na baruti nyingi ndiye aliyekuwa sheria.

Wakoloni walipokuja waliliona jambo hilo upesi. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba huko Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya utumwa ulizuia uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, na kwa kweli bunduki na utumwa vilikuwa vimeshikana kama kucha na kidole. Lakini sababu nyingine haikujificha sana. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipopambana na Wajerumani hadi ngome yake ikavunjwa, Januari 1893, akaiwasha baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa, kila mtawala wa kigeni alielewa kwa nini Mwafrika mwenye bunduki nzuri ni hatari. Baada ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, walioshindwa waliamriwa kusalimisha silaha zao.

Mkataba ule wa Brussels uliacha mlango mdogo: bunduki za zamani za gumegume, zisizo na mikato ndani ya mtutu, ziliweza kuruhusiwa pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Raifo za kisasa zilibaki kwa askari na kwa wazungu. Gobore tunalolifahamu vijijini lina asili yake katika mlango huo mdogo. Babu aliyelitunza darini alikuwa akitunza pia alama ya tabaka alilowekwa.

Tulipopata uhuru tungeweza kusema: sasa kila raia na bunduki yake. Hatukusema hivyo. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na taifa changa likaona jinsi watu wachache wenye silaha wanavyoweza kulitikisa. Jeshi likavunjwa, likaundwa jipya mwaka huo huo. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukaweka mkazo katika ulinzi wa umma, yaani mgambo. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, wanamgambo kutoka vijijini walikwenda vitani. Hapa tunaona jambo la ajabu: mgambo ule uliotajwa na Wamarekani mwaka 1791, sisi tulikuwa nao kwelikweli. Tofauti ni kwamba bunduki ilirudi ghalani baada ya kazi.

Katiba yetu ya 1977 ilipoingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, ilifuata njia hiyo hiyo. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi, na haki ya maisha yake kulindwa na jamii kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 24 inalinda mali. Ibara ya 28 inamfanya raia awe na wajibu wa kulinda nchi. Na Ibara ya 147 inakataza mtu au kikundi chochote, isipokuwa serikali, kuunda jeshi. Bunduki ya mtu binafsi ipo, lakini ipo kwa leseni, sasa chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015, na kilichotolewa kwa leseni chaweza kufutwa.

Huu ni mkataba. Raia ameambiwa: usijilinde kwa mtutu, nasi tutakulinda. Mimi naona mkataba huu ni bora kuliko ule wa wenzetu. Lakini mkataba una pande mbili, na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, silaha nyingi zilizagaa na wezi wa ng'ombe wakawa wanatumia bunduki. Polisi walikuwa mbali. Wasukuma na Wanyamwezi hawakungoja; walianzisha sungusungu, kwa pinde na mishale, na desturi hiyo ikaenea. Wizi ulipungua, lakini kuna waliopigwa na kuuawa bila kufikishwa mahakamani, wakiwamo waliosingiziwa uchawi. Hayo ndiyo matokeo ya upande mmoja kuchelewa kutimiza ahadi.

Na sisi wa Itigi tuna tembo. Kusini yetu liko Pori la Akiba la Rungwa. Majangili walikuwa na bunduki bila kuuliza katiba: tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Operesheni Tokomeza ya 2013 iliyokusudiwa kuwakomesha ilisimamishwa baada ya wananchi kuteswa, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Mkulima anayepiga debe usiku kucha kulinda mahindi yake anawaogopa hao wote: tembo, jangili, na wakati mwingine hata aliyetumwa kumlinda. Akipoteza shamba hupewa kifuta jasho. Akifiwa, familia hupewa kifuta machozi. Majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama mtu huyu apewe haki ya kikatiba ya bunduki, nasema hapana. Historia ya Mgunda Mkali imenifundisha kwamba bunduki zikiwa nyingi, mnyonge huwa wa kwanza kuumia. Lakini aliyemwambia aweke chini gobore lake alijitwika deni. Deni hilo hulipwa kwa askari anayefika usiku ule ule, na kwa mahakama inayosikiliza. Lisipolipwa, watu hawatasubiri marekebisho ya katiba. Watachonga mishale, kama walivyofanya zamani.