Goma: tangi la maji kwanza, geti zuri baadaye

Mpangaji anayetafuta apartema katika nyumba za etaji za Himbi au Katindo huonyeshwa mambo mengi kabla ya kuambiwa bei: geti la chuma, sentineli wa usiku, jenereta, nafasi ya kuegesha gari, tangi la maji. Wapangaji wote wanavitumia pamoja, na gharama yake imo ndani ya kodi, ambayo Goma huhesabiwa kwa dola. Kipi kinastahili dola za ziada? Historia ya mji inajibu vizuri kuliko mwenye nyumba.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji huzama kati ya mawe, na hakuna mto unaopita mjini. Kwa hiyo wakaaji hutegemea Ziwa Kivu na mvua. Maji ya ziwa lazima yapandishwe kwa pampu hadi kwenye matangi ya Regideso, na pampu zinataka umeme. Umeme wenyewe kwa miaka mingi ulitoka mbali, kwenye mto Ruzizi karibu na Bukavu. Kuran ikikatika kule, robine inakauka huku.

Ubaya wa hali hiyo ulionekana Julai 1994, wakati wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda walipoingia Goma na kandokando yake kwa siku chache. Kipindupindu kiliua maelfu ya watu ndani ya wiki chache. Mawe yalikuwa magumu hata kuchimba choo au kaburi ikawa shida, na maji safi yaligawiwa kwa malori.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikachoma maduka na nyumba. Watu walirudi haraka, wakajenga juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto. Katika miaka iliyofuata etaji ziliongezeka, maana wafanyabiashara walikuwa wengi na wafanyakazi wa mashirika walitafuta makao. Hapo ndipo matangi makubwa yalianza kuhesabiwa kama sehemu ya nyumba, si kitu cha matajiri tu.

Volkano ililipuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Lava ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji, lakini iliharibu tangi na mabomba ya Regideso upande wa kaskazini, na watu karibu nusu milioni wakakosa maji. Akina mama na watoto walibeba bidoni kutoka ziwani. Wenye chukudu walipata kazi. Mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano, maji na umeme vilikatika tena kwa siku kadhaa, na watu wakarudi ziwani kuchota maji yasiyosafishwa. Parseli yenye tangi lililojaa ilikuwa na siku chache za kupumua. Jirani nao walikuja kugonga geti wakiwa na bidoni zao.

Jenereta je? Inastahili kama inasukuma maji kwenda kwenye tangi la juu. Kama ni ya taa na televisheni tu, italeta ugomvi kila mwezi: huyu ana friji, yule alikuwa safarini, wote wanadaiwa mafuta sawasawa. Tena tangu kituo cha Matebe, Rutshuru, kianze kutoa umeme mwaka 2015, sehemu za mji zimepata chanzo kingine cha kuran, ingawa nacho hukatika vita vikifika kwenye nyaya.

Shimo la choo watu hawaliulizii, na hapo wanakosea. Katika lava shimo huchimbwa kwa nyundo na mitaimbo, ndiyo maana mengi ni mafupi. Familia sita zikitumia shimo fupi linajaa upesi, na malipo ya kulivuta huzua maneno kati ya mwenye nyumba na wapangaji. Shimo kubwa lililojengwa vizuri lina bei yake, na bei hiyo ni halali.

Kuhusu gereji au stoo iliyo chini ya ardhi, ambayo wengine huiona ni heshima, wazee wa upande wa magharibi ya mji wanaijua mazuku: hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia mabondeni, isiyoonekana, inayoua mbuzi na hata watu. Huko, sehemu ya chini isiyo na madirisha haifai kulipiwa hata franka moja.

Siku hizi wapangaji waliopitia Januari 2025 wakifika getini hawaanzi na idadi ya vyumba. Wanauliza tangi lina lita ngapi, na linagawanywa na milango mingapi.