Gari la Wakili: Betri na Mwanzo wa Magari Toronto

Simulizi la magari ya Kanada kwa kawaida huanzia Walkerville, ambako Ford ilianza shughuli zake nchini humo mwaka 1904, ingawa miaka 11 kabla ya hapo Toronto ilikuwa tayari na gari dogo la umeme lililoundwa humo humo mjini. Mwenye gari alikuwa Frederick Barnard Fetherstonhaugh, wakili wa hataza, yaani mwanasheria anayewasajilia wavumbuzi haki ya kumiliki walichokibuni, na betri yake ilibuniwa na William Still, mhandisi wa umeme mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa mteja wa wakili huyo. Bodi ilitengenezwa katika karakana ya Dixon, ambayo kazi yake ya kila siku ilikuwa kuunda magari ya kukokotwa na farasi.

Gari hilo la 1893 lilikuwa na uzito wa kilo 320 hivi, mota ya nguvu farasi 4, matairi ya kujazwa upepo, taa za umeme na paa la kukunjwa, nalo liliweza kwenda kilomita 24 kwa saa kwa muda wa saa moja kabla ya kuhitaji chaji. Kwa kipimo cha leo mwendo huo ni wa baiskeli, lakini katika mji ambao baadhi ya tramu zake zilikuwa bado zikivutwa na farasi, waliokuja kuondolewa kabisa mwaka 1894, lilistahili kuitwa gari la spoti: jepesi, la mwendo na la mtu mwenye uwezo.

Sifa ya Still ilitokana na kupunguza uzito wa betri. Betri za wakati huo zilikuwa sahani za risasi zilizozamishwa katika tindikali. Ili zihifadhi umeme mwingi zilihitaji risasi nyingi, na risasi ni madini mazito, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya gari iliishia kubeba betri yenyewe. Baridi huzidi kuinyong'onyeza betri ya aina hiyo, jambo lisilo dogo katika mji wa theluji kama Toronto. Kasi haikuwa tatizo, kwani mwaka 1899, nchini Ufaransa, Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka kilomita 100 kwa saa kwa gari la umeme, kabla gari la petroli halijafika hapo.

Still aliingia katika biashara kwa kuunda magari ya kusambazia bidhaa, likiwemo la kampuni ya Parker, iliyokuwa ikisafisha nguo na kuzitia rangi. Wawekezaji wa Uingereza waliinunua kampuni yake na kuiita Canadian Motors, lakini betri hazikutimiza yaliyotarajiwa na biashara ikaanguka. Mali yake iliangukia mikononi mwa CCM, muungano wa viwanda vya baiskeli ulioanzishwa mwaka 1899, ambao ulitoa gari la umeme lililoitwa Ivanhoe kuanzia 1903, kisha mwaka 1905 ukageukia petroli kwa gari la Russell. Hapa ndipo athari ya gari la wakili inapoonekana vizuri zaidi: halikuzaa ukoo wa magari ya umeme, bali lilifungua mlango ambao petroli ilipitia.

Umeme wa bei nafuu kutoka maporomoko ya Niagara, uliosambazwa na shirika la umma, ulifika Toronto mwaka 1911, na mwaka huo huo kampuni ya Peck ilianza kuunda magari ya umeme mjini humo, lakini ilidumu hadi 1913 tu. Mwaka 1912 Cadillac ilikuwa imeanza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na dereva hakulazimika tena kuzungusha hendeli kwa mkono ili kuwasha injini. Betri ya risasi, iliyoshindwa kulibeba gari lake lenyewe, ikaajiriwa kuwasha gari la mshindani wake.

Gari la spoti lililolegeza fundo hilo la uzito wa betri, Tesla Roadster, lilionyeshwa California mwaka 2006 na kuanza kufikishwa kwa wateja mwaka 2008, likitumia seli 6,831 za lithiamu za aina iliyozoeleka katika kompyuta za mkononi. Yalitengenezwa magari yasiyofika 2,500, lakini Bob Lutz wa General Motors alikiri hadharani kwamba mfano huo ulimsaidia kuwashinda wenzake waliopinga mradi wa Chevrolet Volt.

Toronto, wakati huo huo, ilikuwa na ZENN, kampuni iliyoanzishwa na Ian Clifford, iliyoagiza bodi kutoka Ufaransa na kuunganisha magari yake Saint-Jérôme, Québec. Matumaini yake makubwa yalikuwa kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji bila mabadiliko ya kikemia, iliyoahidiwa na kampuni moja ya Texas. Kapasita hiyo haikufika, na hadi uundaji uliposimamishwa mwaka 2010, magari ya ZENN yalikuwa yakitembea kwa betri za risasi, yakiwa yamewekewa kikomo cha kilomita 40 kwa saa.