Namba ya Tarakimu Ishirini na Moja

Wasikilizaji wangu, leo napenda kuwasimulieni habari za namba moja tu, nayo ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21, na wenye elimu waliikosea kwa muda wa miaka zaidi ya 200.

Kwanza chukueni kunde 12. Zaweza kupangwa safu tatu za kunde nne nne, wala haibaki hata moja. Lakini kunde 13 hazikubali; mtazipanga safu moja tu, au kila moja peke yake. Namba ya namna hiyo, isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa nafsi yake, huitwa namba tasa.

Sasa zidisheni mbili tatu pamoja, mpate 8. Toeni 1, itabaki 7, nayo ni tasa. Mkizidisha mbili nne mtapata 16. Toeni 1, itabaki 15, wala hiyo si tasa, maana ni 3 mara 5. Basi katika mwaka wa 1644 mtawa mmoja wa Ufaransa, jina lake Marin Mersenne, alitoa kitabu ambamo alitaja, mpaka kufika 257, ni mbili ngapi zitoazo namba tasa kwa njia hii. Miongoni mwa alizozitaja ilikuwamo 67, na mbili 67 ndizo zitoazo namba ile ndefu. Mersenne alikuwa mtu wa heshima, aliyeandikiana barua na wataalamu wengi wa Ulaya. Neno lake likakubaliwa, kwani ni nani angeweza kulipima?

Hata mwaka wa 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akavumbua njia ya kupima, akaonyesha kwamba namba ile si tasa. Ajabu ni kwamba hakuweza kutaja namba ziigawanyazo. Alikuwa kama mtu atikisaye sanduku lililofungwa: asikia kwamba mna vitu ndani, lakini havijui.

Ndipo alipotokea Mmarekani, Frank Nelson Cole, katika mkutano wa wataalamu wa hesabu huko New York, Oktoba 1903. Yasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila ya kusema neno, akazidisha mbili 67, akatoa 1. Kisha upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa sawasawa. Akaketi kimya, na watu wote wakapiga makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, yasemekana alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu.

Hatimaye, kufikia mwaka wa 1947, orodha yote ya Mersenne ilikuwa imekaguliwa. Ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na 61, 89 na 107 zilisahauliwa.

Siku hizi kompyuta huifanya kazi ya Cole kwa kufumba na kufumbua. Lakini ninyi wanafunzi hamhitaji kompyuta, wala cheo, kumhakikisha Cole. Ajuaye kuzidisha na awe na karatasi, kalamu na subira, aweza kuketi jioni moja akajionea mwenyewe. Waheshimuni waliowatangulia, na hesabu zao mzipime.