Shyne: aliingia jela akiwa staa, akatoka akapandishwa ndege

Wadau, jina la Shyne linachanganya watu kidogo. Wale wa enzi za kanda na CD wanamkumbuka kama yule mchizi wa Bad Boy mwenye sauti nzito iliyofanana na ya marehemu Notorious B.I.G. Wadogo zetu wamemjua kama mheshimiwa mwenye suti, mwanasiasa wa Belize. Ni mtu yule yule. Katikati kuna miaka karibu tisa ya lupango, na baada ya lupango kuna jambo ambalo wengi wanaliruka: jamaa aliachiwa lakini hakuruhusiwa kurudi New York alikokulia. Ukitaka kuelewa kwa nini muziki wake haukusimama tena, anzia hapo, usianzie kwenye zile siku za jela.

ALIKOTOKEA

Jina alilozaliwa nalo ni Jamal Michael Barrow, na alizaliwa tarehe 8 Novemba 1978, Belize City. Belize ni kanchi kadogo kwenye pwani ya Karibi, kamepakana na Mexico na Guatemala, kana watu laki nne hivi. Baba yake ni Dean Barrow, mwanasheria na mwanasiasa mzito wa huko. Hilo jina la baba lishike vizuri, tutalirudia. Mama alihamia Marekani, dogo akamfuata, akakulia Brooklyn.

Mwaka 1998 prodyuza DJ Clark Kent alimsikia akichana kwenye saluni ya kinyozi. Biggie alikuwa ameuawa Machi 1997, na Bad Boy ya Puff Daddy ilikuwa na pengo kubwa. Sasa anatokea kijana wa Brooklyn, sauti ile ile ya kutokea tumboni, lafudhi ile ile ya mitaani. Lebo zilimgombania na Puff akamchukua. Wapo waliomponda kwamba anamuiga marehemu. Mimi naona lawama hiyo ilimwonea kidogo, maana sauti ni maumbile, ila ni kweli kwamba lebo iliuza huo mfanano kwa makusudi.

USIKU WA CLUB NEW YORK

Tarehe 27 Desemba 1999, Puff, Jennifer Lopez (enzi hizo ndiye mpenzi wake) na kundi lao walikuwa Club New York, karibu na Times Square. Ugomvi ukazuka, risasi zikapigwa, watu watatu wakajeruhiwa. Puff, baunsa wake Anthony "Wolf" Jones na Shyne wakapelekwa mahakamani.

Wakati kesi inasubiriwa, albamu yake ya kwanza, iliyoitwa Shyne tu, ikatoka Septemba 2000 na kufika namba 5 kwenye chati ya Billboard 200. Wimbo uliombeba ni Bad Boyz, kolabo na mkongwe wa rege Barrington Levy. Yaani jamaa alikuwa anapanda chati huku anahesabu siku za kwenda kizimbani.

Hukumu ikaja tarehe 16 Machi 2001. Puff, aliyetetewa na mawakili akiwemo Johnnie Cochran (yule wa kesi ya O.J. Simpson), akatoka huru. Wolf naye huru. Shyne alichomoka kwenye shitaka la kujaribu kuua, lakini akakutwa na hatia ya kujeruhi, kuhatarisha maisha ya watu na kuwa na silaha. Juni mwaka huo akala mvua ya miaka 10. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Kuanzia hapo Shyne amekuwa akisema alitolewa kafara ili bosi apone. Puff alishakana kwamba alikuwa na bunduki usiku ule, na mahakama ilimsafisha. Kila mtu ana upande wake kwenye hili. Lakini tusisahau kwamba kuna watu watatu waliokwenda disko wakaishia hospitali, na hao huwa hawatajwi sana mashabiki wakianza kubishana nani alimsaliti nani.

DILI LA MAMILIONI AKIWA SELO

Hii ndiyo sehemu inayoshangaza. Kwa kawaida msanii akifungwa simu zinaacha kuita. Kwake yeye ziliita zaidi. Mwaka 2004, akiwa bado nyuma ya nondo, Def Jam wakasaini naye mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 3. Agosti 2004 ikatoka Godfather Buried Alive, na ikaanzia namba 3 Billboard. Juu kuliko ile ya kwanza aliyoitoa akiwa mtaani!

Iliwezekanaje? Ni akiba. Karibu nyimbo zote zilikuwa na sauti alizorekodi kabla hajafungwa, maprodyuza wakazitengenezea biti mpya. Kanye West, ambaye mwaka huo ndio alikuwa anawaka, alitengeneza More or Less. Wimbo mmoja tu, For the Record, sauti yake ilichukuliwa kwa njia ya simu kutoka jela, na humo anamchana 50 Cent. Ukiusikiliza unasikia kabisa ile mikwaruzo ya simu.

Lakini mshiko ukakwama. New York kuna sheria inayoitwa Son of Sam, iliyopewa jina la muuaji mmoja wa miaka ya 1970. Mwanzo ilizuia mhalifu kujitajirisha kwa kuuza hadithi ya uhalifu wake. Mwaka 2001 ikapanuliwa: mfungwa akipata dola 10,000 au zaidi, karibu kutoka chanzo chochote, waathirika wanapewa taarifa na wanaweza kumdai. Waliojeruhiwa Club New York walikuwa wamemshitaki, na mali zake zikazuiwa. Huko mtaani watu wanasema jamaa anaingiza mamilioni akiwa amelala selo, kumbe hawezi kuyagusa. Kwa upande wa wale waliopigwa risasi, mimi siioni sheria hiyo kuwa mbaya. Aliyeumizwa atalipwa na nani, kama si kwa pesa hizo?

Jambo la pili lililomtokea ndani ni dini. Alianza kuishika dini ya Kiyahudi kwa dhati na akabadilisha jina kisheria, akawa Moses Michael Levi.

MLANGO UNAFUNGULIWA, MWINGINE UNAFUNGWA

Kwa makosa ya kutumia nguvu, sheria ya New York inamtaka mfungwa akae angalau sehemu 6 kati ya 7 za kifungo kama wake. Piga hesabu: miaka 10 inakuja kuwa miaka 8 na miezi kama 7. Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 6 Oktoba 2009 akatoka gereza la Woodbourne, na maofisa wa uhamiaji wakamdaka hapo hapo. Hakuwahi kuchukua uraia wa Marekani. Kwa sheria ya mwaka 1996, mgeni aliyehukumiwa kwa kosa la kutumia nguvu na kupewa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi anaondolewa nchini, na hakimu wa uhamiaji hana nafasi kubwa ya kumwonea huruma, hata kama mtu ameishi huko toka utotoni. Kabla ya mwezi kuisha Shyne alikuwa ameshapandishwa ndege kwenda Belize.

Kulikuwa na mlango mmoja wa kumwokoa, nao ni msamaha wa gavana. Aliyewahi kuupita ni Slick Rick. Huyu mkongwe alizaliwa London, akakulia Bronx, na mwaka 1990 alimpiga risasi binamu yake, na mpita njia mmoja akajeruhiwa. Alitoka jela mwaka 1996, na mwaka 1999 akatoa The Art of Storytelling, ambayo ni moja ya kambaki bora kabisa kwenye hip hop, huo ndio msimamo wangu na sibanduki. Mwaka 2002 alikwenda kupiga shoo kwenye meli ya kitalii, aliporudi Florida uhamiaji wakamkamata, akakaa ndani miezi 17. Mei 2008 gavana wa New York, David Paterson, akamsamehe. Mwaka 2016 akawa raia wa Marekani. Shyne hakuupata msamaha huo.

Sasa linganisha. Slick Rick alitoka jela akarudi kwenye mji wake, studio zake na washikaji wake. Gucci Mane naye alitoka jela ya serikali kuu tarehe 26 Mei 2016, akafungiwa nyumbani kwake Atlanta, lakini nyumbani kuna studio, na maprodyuza wake Mike WiLL Made-It na Zaytoven wanakuja mlangoni. Tarehe 22 Julai albamu yake Everybody Looking ikawa sokoni, ikaanzia namba 2. Haikufika hata miezi miwili! Tena muda wote aliokuwa ndani, watu wake walikuwa wanatoa mikstepu moja baada ya nyingine kutoka kwenye stoo ya nyimbo alizorekodi zamani, kwa hiyo mashabiki hawakumsahau. Shyne stoo yake ilikuwa imeshatumika mwaka 2004, na akatua kwenye nchi ambayo hip hop ya kimataifa haitengenezwi.

MWANA WA WAZIRI MKUU

Hapa ndipo lile jina la baba linarudi. Dean Barrow alikuwa Waziri Mkuu wa Belize tangu Februari 2008. Kwa hiyo mfungwa aliyefukuzwa Marekani anafika kwao kama mtoto wa mkubwa, na akapewa kazi ya kuwa balozi wa muziki wa nchi. Baadhi ya watu wa huko walilalamika, na nawaelewa. Wangapi wanarudishwa na ndege zile zile na hakuna anayewapokea?

Mwaka 2010 akaenda kuishi Jerusalem, akavaa nguo nyeusi za Wayahudi washika dini, akawa anasoma dini na kushika Sabato. Fikiria: mwanamuziki ambaye Ijumaa usiku hapigi shoo. Dili na Def Jam lilikuwa limetangazwa tena na albamu mbili zikaahidiwa, lakini hazikutoka.

Halafu kuna sauti. Ile besi iliyompa mkataba ilikuwa imepotea. Nyimbo alizotoa kuanzia 2010, kama Roller Song, zilikuwa na sauti nyembamba yenye kukwaruza, na mtandaoni watu walimcheka bila huruma. Nayo dunia ya muziki ilikuwa imebadilika. Alifungwa CD ikiwa mfalme. Aliporudi iTunes ilikuwa na miaka sita na YouTube minne, na msanii alitakiwa kujinadi mwenyewe Twitter. Twitter yenyewe ikamponza: Oktoba 2012 aliiponda albamu ya Kendrick Lamar, good kid, m.A.A.d city, wakati karibu kila mtu anaisifia. Game akamjia juu, bifu likaanza, na mikstepu yake Gangland ikapita huku watu wanazungumzia ugomvi, si mistari. Ukweli mistari yenyewe haikuwa mibaya yote. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa anasikiliza tena.

KUTOKA MAIKI HADI BUNGENI

Novemba 2020, akitumia jina la Moses "Shyne" Barrow, aligombea jimbo la Mesopotamia mjini Belize City kwa chama cha baba yake, UDP. Jimbo la baba mwenyewe lilikuwa jingine, Queen's Square. Chama kilichapwa vibaya, kikabaki na viti 5 kati ya 31, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa chake. Juni 2021 akawa Kiongozi wa Upinzani. Agosti mwaka huo huo akaingia Marekani kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe, safari hii kama kiongozi. Viza ambayo muziki ulishindwa kumpatia, siasa ilimpatia.

Mwaka 2024 ikatoka filamu ya maisha yake, The Honorable Shyne. Ilitoka miezi michache baada ya Puff, sasa akiitwa Diddy, kukamatwa kwa kesi nyingine kabisa, na vyombo vya habari vikamkimbilia Shyne kumuuliza habari za 1999. Machi 2025 chama kikaingia kwenye uchaguzi kikiwa kimegawanyika, na Shyne akapoteza jimbo.

KWA ANAYETAKA KUMSIKILIZA

Anza na Bad Boyz ya mwaka 2000 ujue kelele zilikuwa za nini. Kisha More or Less na For the Record kutoka albamu ya 2004, vaa hedifoni ili usikie ile simu. Mwisho chukua wimbo wowote wa Gangland. Sikiliza kwa mpangilio huo huo. Tofauti ya sauti kati ya ule wa kwanza na wa mwisho utaisikia ndani ya sekunde kumi.