Skii za milimani: anayeanza anahitaji nini kabla ya kupanda?

Kila msimu wa baridi, taarifa za habari kutoka Uswisi, Austria, Ufaransa na Italia hutaja watu waliofukiwa na maporomoko ya theluji katika milima ya Alps. Wengi wao si wanavijiji waliokuwa wamelala majumbani mwao. Ni watu waliopanda mlima kwa hiari yao wakiwa na skii, wakaenda mahali pasipo na lifti wala njia iliyotengenezwa.

Mchezo huo una wafuasi wengi Ulaya na Amerika Kaskazini, na tawi lake la mashindano limeingizwa kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 2026 nchini Italia. Kama una ndugu aliyehamia nchi za baridi, huenda siku moja akaalikwa na wenzake kazini kwenda kuujaribu. Haya ndiyo anayopaswa kuyajua.

Skii ni nini, na huu ni mchezo gani?

Skii ni jozi ya vibao virefu na vyembamba, vilivyopinda kwa mbele, ambavyo mtu huvifunga miguuni ili asizame kwenye theluji na aweze kuteleza. Neno lenyewe lina asili ya Norway, na zamani lilimaanisha kipande cha mti uliopasuliwa. Watu wa kaskazini walizitumia kuwinda na kusafiri kwa karne nyingi kabla hazijawa mchezo. Mwaka 1888, Fridtjof Nansen wa Norway na wenzake walivuka Greenland kwa skii.

Siku hizi watu wengi huteleza katika vituo vya utalii. Lifti za nyaya huwapandisha, mashine husawazisha njia, na wafanyakazi huukagua mteremko alfajiri, hata kuilipua kwa baruti theluji inayotishia kuporomoka. Anayetoka nje ya kituo huyaacha yote hayo nyuma. Hupanda kwa nguvu zake, saa mbili, tatu au zaidi, kisha huteremka kwenye theluji ambayo hakuna aliyeikagua.

Wengi Afrika Mashariki wanamkumbuka Mkenya Philip Boit, aliyeshiriki Olimpiki ya Nagano, Japan, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mwishoni ili amkumbatie. Boit alishindana katika njia zilizoandaliwa, kwa hiyo mchezo wake ni ndugu wa huu, lakini si huu.

Mtu anapandaje kwa kitu kinachoteleza?

Jibu liko kwenye ngozi. Mpapase mbuzi mgongoni kuelekea mkiani, mkono utateleza. Urudishe kuelekea kichwani, manyoya yatakataa. Mpandaji hubandika chini ya kila skii utepe mrefu wenye manyoya yanayolalia nyuma. Skii ikisogea mbele inateleza. Ikitaka kurudi nyuma, manyoya yanang'ang'ania theluji. Zamani zilitumika ngozi za sili, mnyama wa baharini. Leo ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora, na upande wa pili una gundi ya kubandika na kubandua. Kileleni utepe hubanduliwa na kukunjwa ndani ya mkoba.

Kifungio cha kiatu nacho ni tofauti. Wakati wa kupanda hushika ncha ya kiatu tu, kisigino kikawa huru kama mtu anayetembea. Wakati wa kushuka, kisigino nacho hufungwa. Vifungio vyepesi vinavyotumika sana leo, vyenye pini mbili zinazobana ncha ya kiatu, vilibuniwa na Fritz Barthel wa Austria katika miaka ya 1980. Viatu vyake huwa na kitasa nyuma: ukikilegeza, kifundo cha mguu kinakunjika, ukikifunga, kiatu kinakuwa kigumu kwa ajili ya kuteleza.

Vyote hivi hukodishwa madukani karibu na milima. Anayeanza hana haja ya kununua, na afadhali fedha hizo azilipie mafunzo.

Vifaa vitatu visivyoachwa nyumbani

Cha kwanza ni redio ndogo ya uokoaji, inayovaliwa mwilini chini ya koti. Muda wote wa safari hutuma mawimbi ya kilohezi 457, masafa yanayotumika duniani kote kwa kazi hiyo. Mtu akifukiwa, wenzake huzigeuza redio zao zipokee badala ya kutuma, na mshale na namba kwenye kioo huwaelekeza alipo. Simu ya mkononi huyavuruga mawimbi hayo. Wakufunzi husema ikae angalau sentimita 20 mbali na redio inapotuma, na sentimita 50 inapotafuta. Kwa hiyo, simu na redio zisikae mfuko mmoja.

Cha pili ni fimbo ya kuchomea, inayokunjwa na yenye urefu wa mita 2.4 au zaidi ikinyooshwa. Redio hukufikisha karibu. Fimbo hukuonyesha mtu yuko wapi hasa na kina gani. Cha tatu ni koleo la chuma. La plastiki halifai, kwani theluji iliyoporomoka hushikana na kuwa ngumu, karibu kama saruji.

Tazama vizuri kazi ya vifaa hivi. Fimbo yako na koleo lako havikuokoi wewe, bali mwenzako. Atakayekuchimbua ni yule aliye na vya kwake na anayejua kuvitumia. Ndiyo maana kwenda peke yako, au kufuatana na mtu asiye na vifaa, ni sawa na kwenda mikono mitupu. Wengi wanaotolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo huwa hai. Nusu saa ikipita, wengi huwa wamekwisha kufa kwa kukosa hewa. Mara nyingi helikopta haiwezi kuuwahi muda huo.

Upo pia mkoba wenye puto, linalojaa hewa mtu anapovuta mpini. Tikisa debe lenye maharage na mchanga: maharage huja juu kwa kuwa ni makubwa. Puto humfanya mtu awe mkubwa kwa namna hiyo. Husaidia, lakini halizuii kugongwa na mti au jabali.

Kujua lini usiende

Mara nyingi anayeangusha theluji ni mteleza mwenyewe au mwenzake aliye naye. Tabaka zito hukaa juu ya tabaka dhaifu, na uzito wa mtu mmoja hutosha kulikata. Hatari kubwa iko kwenye miteremko ya kuanzia nyuzi 30 hadi 45, ambayo bahati mbaya ndiyo watu huipenda zaidi.

Nchini Uswisi, taasisi ya SLF iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari kila saa 11 jioni wakati wa msimu. Ulaya hutumia ngazi 1 hadi 5. Ngazi ya 3 huwadanganya wengi kwa kuwa iko katikati. Wao huisoma kama "wastani", wakati sehemu kubwa ya vifo hutokea siku hizo. Dalili nyingine huonekana kwa macho: theluji mpya nyingi, upepo mkali, joto la ghafla, nyufa zinazokimbia kutoka kwenye skii, au mvumo mzito chini ya miguu. Ukiusikia mvumo huo, ondoka mtelemkoni mara moja.

Mahali penye shaka, kundi huvuka mmoja mmoja huku wengine wakitazama. Na kabla ya kuanza kupanda, mmoja husimama pembeni na redio yake ikiwa inapokea, wengine wakapita mbele yake kwa zamu. Ambaye redio yake haisikiki hapandi siku hiyo.